Bawa Nililozika Sagalla

Swali lenu nimeshalisikia, msilirudie. Kila kikundi kipya kinachoajiriwa kwenye karakana ya mifupa hapa Voi huuliza lilo hilo wiki ya kwanza, na ninyi watano hamkuchelewa. Mkamburi aliniuliza hata chai sijamaliza: "Nyanya, huyu mjusi wa kuruka alikuwa na bawa la ukubwa gani?" Mmeona picha yake ukutani. Kipande cha taya, urefu wa kidole changu cha shahada, kina matundu sita ya meno na meno mawili yaliyobaki. Chini yake wameandika kwamba ni mnyama aliyeruka enzi za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita, na kwamba mwili wake haujulikani.

Haujulikani kwa sababu yangu mimi, Wakesho. Nimestaafu, ingawa karakana bado nakuja, nina goti linalonitangazia mvua kabla ya redio, na jambo hili sijawahi kuliandika popote. Sasa nawaandikia ninyi. Mkiona nazunguka, mjue nazunguka kwa sababu naogopa kufika.

Kazi hii niliipata kwa ajili ya maharagwe. Nilikuwa nimeolewa Sagalla kutoka kwetu Ronge, nikateremka Voi kutafuta kibarua. Karakana wakati ule ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya stesheni ya zamani, jua likiwaka unaiva humo ndani kama kiazi. Msimamizi alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, fundi wa reli aliyeacha mabehewa akaja kwa mifupa. Alituweka wanawake watatu mbele ya trei za kokoto akasema, "Toeni kile si jiwe." Wenzangu wakachukua brashi. Mimi nikachagua kwa vidole, kama nilivyofundishwa kuchagua maharagwe kabla sijajua kusoma, maana kwetu jiwe moja kwenye sufuria linaweza kukuvunjia ndoa. Tulipomaliza nilikuwa na vipande tisa vya mfupa. Wenzangu walikuwa na vitatu, na kimoja kilikuwa mbegu ya papai.

Mzee Wafula akavipanga mezani. "Umejuaje hii ni mfupa?"

"Sijui. Imekaa kama haitaki kuwa hapo."

Akacheka mpaka akatoa kofia. Halafu akaniambia nikiguse kwa ulimi. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo ndani, unanyonya mate, kwa hiyo unashika ulimi. Jiwe halishiki. Najua mnakunja nyuso. Mkamburi ameniambia ana kamera kwenye simu inayoonyesha mpaka nywele za siafu. Sawa, mama. Simu ikiisha chaji, ulimi bado unao.

Mikono ya mzee huyo ilikuwa mikubwa, kikombe kilipotea ndani yake. Lakini akishika sindano, alikuwa anaondoa chembe moja ya mchanga na kuiacha ya pili. Aliniambia reli ilimfundisha subira, kwa sababu nati uliyoikaza kwa hasira itakuja kufunguka mahali ambapo huna spana. Nilipoanza nilikuwa na haraka. Siku ya kwanza kuvika mfupa plasta, ganda la kuukinga usivunjike, nilikata vizuri vipande vya gunia la mkonge, nikavichovya, nikavizungusha, nikajipongeza. Nilisahau kutanguliza karatasi iliyoloweshwa. Plasta ikauma mfupa wenyewe. Mzee hakunigombeza hata neno. Alinipa mfupa huohuo kila asubuhi kwa wiki mbili niutoe plasta kwa sindano, na kila asubuhi aliuliza, "Mgonjwa wako ameamkaje?" Tangu siku hiyo sijawahi kusahau karatasi, na nikimwona mtu ameisahau najikuta nauliza habari za mgonjwa.

Kanuni yake ilikuwa moja, na ndiyo nilikuja kuivunja. Usitupe kitu. Hata vumbi la mezani alilitia kwenye mkebe, na ndani ya mkebe karatasi yenye mistari mitatu: Mahali. Siku. Aliyepata. "Mfupa bila karatasi," alisema, "ni jiwe tu ya kufukuza mbwa." Siku hizi mnaandika kwenye tarakilishi na mnabandika namba. Ni vizuri. Lakini bado mtaona nikitia karatasi ndani, na msinitolee.

Sasa lazima niwapandishe Ronge kidogo, bila hivyo mtadhani nilikuwa mvivu. Mvivu sikuwa.

Zamani kwetu mzee akifa alizikwa, na baada ya muda ukoo ulifungua kaburi ukatoa kichwa peke yake. Kichwa kilipelekwa chini ya mwamba, kikawekwa mstari mmoja na vichwa vya wazee waliotangulia. Mwili ulibaki kaburini. Mimi nilipozaliwa desturi ilikuwa imekoma, watu wako kanisani, lakini mafuvu yalikuwa bado pale. Nyanya yangu, mama mzaa baba, alikuwa Mkristo wa kuimba sauti ya kwanza, na bado tukipita pale na kuni alikuwa anashusha sauti. Siku moja nikamuuliza miguu yao iko wapi.

"Kichwa ndicho kinakaa na watu," akaniambia. "Mwili ni wa udongo. Ukiunyima udongo haki yake, mwenyewe hapumziki, na wewe pia hutapumzika."

Nilikuwa na miaka kama saba. Maneno ya umri huo yakiingia hayatoki, hata ukisoma vipi.

Basi. Jiwe lilitoka chini, upande wa Pwani, kwenye machimbo ambako mfanyakazi mmoja alipasua bamba akaona meno. Lilikuwa jiwe la rangi ya majivu, si kama mawe yetu ya huku. Lilifika karakana likiwa bamba moja kubwa lenye taya na mabonge manne madogo yaliyokuwa yameshikana nalo. Mzee Wafula alikuwa Bungoma kumzika ndugu yake na kupanga mambo ya wajane na shamba, safari iliyomla miezi, kwa hiyo bamba likaja kwangu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vya wengine. Nilikaa nalo wiki sita. Ukuta wa mfupa ule ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na ndani uwazi mtupu. Nilikuwa nazuia pumzi nikichokoa, nikitoka nje nasikia kizunguzungu.

Daktari, mwanamke mkuu wa kazi yetu, alikuja kutoka Nairobi kuangalia. Alitazama taya, akageuza ndoo, akaikalia. Halafu akaifunga taya kwa pamba ndani ya mkebe wa biskuti na kuondoka nayo siku hiyohiyo. Mlangoni akageuka. "Wakesho, hayo mabonge yahifadhi vizuri. Nitayarudia."

Nilisikia. Sijawahi kujidanganya kwamba sikusikia.

Niliyaweka kwenye mikebe minne ya maziwa ya unga, rafu ya juu. Ndani ya mabonge vilionekana vijiti vya mfupa vimebanwa bapa, vingi, ovyo ovyo, kama mbavu za kuku baada ya wageni. Kimoja kilikuwa tofauti. Kilikuwa kimenyooka kama spoki ya baiskeli, kimekata bonge kutoka ukingo hadi ukingo, na ilionekana kilikuwa kinaendelea. Kila asubuhi nilikitazama, na kila asubuhi moyo ulikosa raha. Kichwa kimeenda kukaa na watu, Nairobi. Mwili uko kwenye mkebe wa maziwa, juu ya mbao, bila udongo.

Nilikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii ya pili niliibeba kama mtu anayevuka mto na moto mkononi. Siwezi kuwaambia nilifikiri nini hasa, kwa sababu sikufikiri. Ijumaa moja niliteremsha mikebe, nikaifunga kwenye leso, nikapanda Sagalla kwa miguu. Shambani kwetu, chini ya tuta la tatu, nilichimba shimo la kufika kiwiko. Nikayatoa mabonge kwenye mikebe nikayalaza, jiwe bapa juu. Nikasema kwa Kidawida, lugha yetu: kichwa chako kiko kwa watu, na mwili wako sasa umepata udongo, pumzika na utuache tupumzike. Nilishuka nikiwa mwepesi. Ile mikebe niliiosha na kutilia chumvi.

Binti yangu Mghoi alizaliwa mzima, analia kama king'ora cha shamba la mkonge. Hilo nalo lazima niliseme, kwa sababu mpaka leo kuna sehemu yangu ambayo haijatubu.

Mzee Wafula aliporudi kutoka matangani, jambo la kwanza alitazama rafu ya juu. Orodha ya karakana ilisema mikebe minne.

"Iko wapi?"

"Daktari alichukua."

Maneno mawili tu. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari kwamba Daktari alichukua. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa sijawahi kumdanganya kabla ya siku hiyo.

Miezi ikapita, barua ikaja. Mzee aliisoma kwa sauti, sote tumesimama na brashi mkononi. Daktari aliandika kwamba taya ile si ya ndege wala ya popo. Ni ya mtambaazi aliyeruka, wa aina ambayo huku kwetu haijaonekana. Akaeleza kwamba wanyama hao bawa lao zima, ngozi yote ile, lilibebwa na kidole kimoja cha mkono kilichorefuka kupita kiasi. Akaomba mabonge yote yatumwe kwake upesi, na hasa mfupa wowote mrefu ulionyooka.

Niliona spoki ya baiskeli mbele ya macho yangu, mchana kweupe. Kumbe lile lilikuwa bawa.

Mzee Wafula alikunja barua taratibu. "Amepoteza," akasema. "Amepoteza huko kwake, sasa anatugeuzia sisi." Akaketi akamjibu Daktari kwa ukali ambao sikujua anao. Daktari naye akajibu. Watu wawili walioheshimiana, ambao walikuwa wakiulizana habari za watoto kabla ya habari za mifupa, wakaacha kusalimiana. Na mimi pale katikati nasugua kifupa cha kobe. Ningesema. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Lakini kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe nzito zaidi, na wazee walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Sagalla. Ninyi mnaijua Sagalla: watu wanaomba mvua mpaka sauti zinakauka, halafu inakuja yote siku tatu. Mwaka ule mvua ilikuwa imekuja, tena niliiombea mimi mwenyewe. Tuta la tatu halikuwapo. Mahali pake palikuwa na korongo la kumeza ng'ombe, na udongo mwekundu umekwenda chini na kila kilichokuwa ndani yake. Nilichimba kwa jembe, nikachimba kwa mikono. Mume wangu Mwakio akaja kusimama juu yangu.

"Unatafuta nini?"

"Pete. Nimeangusha pete."

Akatazama kidole changu, na pete iko palepale. Akachukua jembe akaanza kuchimba upande wa pili, mpaka jua likazama. Marehemu alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuniuliza tena maisha yake yote, na mimi sikumwambia, na hilo linaniuma vilevile.

Mzee Wafula alistaafu akarudi kwao. Tulimsindikiza stesheni, na kabla ya kupanda alitoa sindano yake mfukoni, ile yenye mpini wa mti wa mpera aliouchonga mwenyewe, akanitia mkononi. "Chukua, Wakesho. Wewe hujawahi kunipotezea kitu."

Nilimshukuru. Nilisimama pale nikamshukuru, na treni ikaondoka.

Ndiyo sindano mnayoniona nayo. Habari za kifo chake zilifika miaka michache baadaye. Tangu hapo hakuna siku nimeshika sindano hii bila kutamani arudi kwa dakika moja, asimame pale mlangoni na kofia yake, aniulize tena iko wapi.

Na bawa nalo nimelitamani, msidhani ni mzee tu. Mtu anaweza kuona kitu kwa miezi bila kukiona, halafu akakitafuta maisha yake yote. Kwenye michoro, hata ule wa ukutani, wanamchora mnyama wetu taya imejaa rangi, na mwili ni vistari vya kukatakata, wa kubahatisha. Kila nikivitazama vistari vile najua kidole kile kilivyokaa kwenye bonge, naweza kuwachorea hapa mezani, lakini mchoro wa kumbukumbu si mfupa. Kwa hiyo kila nilipopanda Sagalla, kwa harusi, kwa matanga, kwa chochote, nilishuka nikifuata lile korongo, nikaokota kila kijiwe cha kijivu nikakilamba. Majirani walidhani nina hamu ya odowa, yale mawe laini ya kutafuna, uzeeni. Wanawake wenye mimba walianza kuniuliza nainunua wapi.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwezi huu, kwa sababu ndicho kimenikalisha kuandika.

Kanisa la kule chini ya korongo linajenga tangi la maji. Wanawake wa kanisa wamechimba shimo la msingi, Mghoi wangu akiwa miongoni mwao. Amekua akiniona nikilamba mawe, kwa hiyo jiwe la kijivu kwenye udongo mwekundu hawezi kulipita. Akanipigia simu. "Mama, kuna lile jiwe lako hapa. Njoo kabla sijalilamba mimi."

Nilipanda bodaboda na goti langu. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiberiti. Nilikipangusa kwa kanga, na ukingoni nikaona mfupa: ukuta wa ganda la yai, ndani uwazi. Nikakigusa kwa ulimi. Kikashika. Nilikaa chini kwenye kifusi nikalia mbele ya kina mama wa kanisa, na mmoja akanifunika mabega akidhani nimefiwa.

Kimevunjika huku na huku. Kimenyooka, lakini kwa urefu ule siwezi kuapa ni kidole cha bawa; huenda ni mfupa wa mguu. Jiwe lake ni lilelile. Kama hiki kimefika pale, vingine vimo kwenye kifusi hicho au vilishapita kwenda bondeni.

Jana nikampigia Daktari. Naye amezeeka, sauti imekuwa ndogo. Nilimwambia yote, kuanzia rafu ya juu mpaka stesheni.

"Wafula alikufa akidhani ni mimi?"

"Ndiyo."

Nikamsikia anavuta kiti. "Huo mfupa umenyooka?"

"Umenyooka."

"Basi chekecheni kifusi chote. Tukimaliza, Wakesho, mimi na wewe tutagombana vizuri sana."

Ndiyo nimefika nilikokuwa naogopa. Mafundi wa tangi wanaanza Jumatatu, na kifusi chote kitarudishwa shimoni na kushindiliwa. Padri ametupa Jumamosi. Njooni na chekeche, maji ya kunywa na ndimi zenu, na simu mje nazo pia, sikatai. Bodaboda zinafika mpaka kanisani. Mkimpata mwenzake wa kipande hiki, msinipigie kelele, nileteeni tu mkononi. Na msipompata, mtakuwa mmejua kwa nini yule wa ukutani ana vistari vya kukatakata, na mkiulizwa na watakaokuja baada yenu mtajibu ukweli.

Kipande nimekiweka kwenye mkebe wa maziwa, juu ya pamba. Karatasi nimeiandika kwa mkono, kama nilivyofundishwa. Mahali: Sagalla, kifusi cha tangi la kanisa, kililetwa huko, asili yake ni machimbo ya Pwani. Siku: Alhamisi, kabla ya mvua. Aliyepata: Mghoi binti Mwakio.

Mzee Wafula alitaka mistari mitatu tu. Nimemwongezea wa nne. Aliyepoteza: Wakesho, si Daktari.